Jinsi ya Kuwa Kero: Mwongozo kwa Mkazi wa Chamazi

Kila mtaa unahitaji msumbufu wake. Chamazi inavyozidi kujaa nyumba, hata wasumbufu watano kwa mtaa mmoja hawatoshi. Mwongozo huu unakufundisha kazi yenyewe: kukiona kifaa cha usalama kilichoharibika, kukisema, na kuendelea kukisema mpaka watu wakikuona unakuja wajue umekuja na lipi.

Walimu wetu wametoka kwenye vinu vya nyuklia. Tanzania haina kinu cha kuzalisha umeme wa nyuklia, ingawa tuna urani kule Mto Mkuju, Namtumbo, na Tume ya Nguvu za Atomiki tunayo. Ila nyaya, transfoma, vituo vya mafuta, maghala na mitungi ya gesi vimetuzunguka, na somo la vinu linavihusu vyote.

Hatua ya 1: Ripoti hata lililoisha salama

Ukisema waya umelegea, utajibiwa: "Huo upo hivyo tangu mwaka juzi, na haujaua mtu." Jibu hilo ndilo la kwanza kulishinda.

Septemba 24, 1977, katika kinu cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, Marekani, vali ya kupunguzia presha ilifunguka ikagoma kufunga. Maji ya kupozea kinu yakawa yanatoka. Baada ya dakika kama 20 wahudumu waligundua, wakafunga vali ya akiba, na mambo yakaisha. Kinu kilikuwa kinafanya kazi kwa asilimia 9 tu ya nguvu zake, hivyo madhara yakawa madogo.

Mhandisi mmoja wa kampuni iliyotengeneza kinu hicho, Bert Dunn, hakuridhika. Februari 1978 aliandika waraka akitaka wahudumu wa vinu vyote vya aina ile waonywe wasipunguze mapema maji ya dharura yanayosukumwa kuingia kwenye kinu. Waraka ukazunguka ndani ya kampuni. Machi 28, 1979, saa 10 alfajiri, vali ya aina ileile ikagoma kufunga katika kinu cha Three Mile Island, Pennsylvania, na onyo la Dunn lilikuwa bado halijawafikia wahudumu wa pale. Wakapunguza maji. Vali ilikaa wazi zaidi ya saa 2, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Kwa hiyo cheche iliyoruka usiku ikazimika yenyewe ni habari kamili. Ipeleke asubuhi hiyohiyo, na uisimulie kama ambavyo ungeisimulia kama nyumba ingeungua.

Hatua ya 2: Usiridhike na "tumeshapeleka taarifa"

Pale Three Mile Island palikuwa na taa ya kuonyesha hali ya vali ile. Taa ilizimika, wahudumu wakaamini vali imefunga. Kumbe taa ilikuwa inaonyesha kwamba amri ya kufunga imetumwa, basi. Kama vali imeitii amri au haikuitii, taa haikuwa na habari.

Kulikuwa na taa nyingine pia. Vali mbili za maji ya akiba zilikuwa zimeachwa zimefungwa, na taa ya mojawapo ilifunikwa na kadi ya njano ya matengenezo iliyokuwa ikining'inia juu yake. Dakika 8 zikapita kabla mtu hajagundua.

Basi ukiambiwa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba ameshapiga simu, mshukuru, kisha uliza: "Mafundi wamefika? Nani amekiona kikiwa kizima?" Ukiambiwa wamefika, nenda kaangalie mwenyewe kwa macho yako, ukiwa mbali na hatari. Amri iliyotolewa na kazi iliyofanyika ni vitu viwili, na msumbufu mzuri hulala pale tu anapokuwa amekiona cha pili.

Tabia hiyo ianzie nyumbani. Mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani si ushahidi kwamba moto utazimika. Usogelee. Mshale wa kipimo uwe kwenye kijani, pini na lakiri viwepo, mpira wake usiwe umepasuka, na kadi ionyeshe ulikaguliwa lini. Ukiona mtungi wa dukani mshale wake uko kwenye nyekundu, mweleze mwenye duka, na ukipita tena wiki ijayo umuulize.

Hatua ya 3: Sema kwa namna ambayo fundi atafika bila kuuliza

"Kuna waya mbaya kule kwetu" haimsaidii mtu. Sema hivi: "Nguzo ya tatu ukitoka barabara ya lami, mkono wa kushoto, waya umelalia bati la kibanda cha chipsi, na jana usiku wakati wa mvua uliruka cheche." Mahali, kifaa, kilichotokea, na saa. Andika tarehe uliyoripoti na jina la aliyepokea. Ukipewa namba ya taarifa, itunze kama risiti ya luku.

Na usichelewe. Marekani, dharura ya kinu lazima iripotiwe kwa mamlaka ya udhibiti ndani ya saa 1. Matukio mengine ndani ya saa 4 au 8. Na ripoti ya maandishi hufuata ndani ya siku 60. Mtaani kwetu hakuna saa iliyowekwa, hivyo jiwekee mwenyewe: leo.

Hatua ya 4: Jua mlango wa kubisha

Waya au transfoma ni TANESCO, na wakizembea ipo EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Moto ni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mashine isiyo na kinga kiwandani au karakana isiyo na vifaa vya kujikinga ni OSHA, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Mjumbe, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa waambiwe kila mara, kwa sababu wao ndio watakaowaondoa watoto eneo la hatari wakati fundi yuko njiani.

Hatua ya 5: Msimame na aliyesema

Kijana wa kiwandani akisema breki ya mashine imekufa, ataitwa mchochezi kabla ya saa ya chakula. Usimwache peke yake. Nendeni wawili au watatu, semeni neno moja. Na kama wewe ndiye msimamizi, mshukuru mbele ya wenzake: siku utakayomkaripia ndiyo siku ya mwisho kuambiwa ukweli na yeyote kati yao.

Hatua ya 6: Peleka habari mtaa wa pili

Hapa sisi wa upande huu wa Temeke tuna uchungu wetu. Aprili 29, 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala Kizuiani, mabomu yakaangukia makazi ya watu, na zaidi ya watu 20 wakafa. Februari 16, 2011, chini ya miaka 2 baadaye, yakalipuka maghala ya Gongo la Mboto, na hapo pia zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Waliozika Mbagala walikuwa bado hawajamaliza kuomboleza.

Ili msiba wa mahali pamoja usijirudie pengine, baada ya Three Mile Island kampuni za umeme wa nyuklia za Marekani ziliunda taasisi yao, INPO, mwaka huohuo wa 1979, na kazi yake moja ni kuhakikisha kosa la kinu kimoja linasomwa na vinu vyote. Sisi tunaweza kuanza na kundi la WhatsApp la mtaa. Mtungi wa gesi ukivuja Chamazi, Mbande waambiwe ulivuja wapi na kwa nini, na Rangi Tatu vilevile.

Ukifanya kazi hii vizuri hutapata sifa, maana ajali isiyotokea haiandikwi gazetini. Utaitwa mwoga, mbea, mtu wa maneno mengi. Yapokee yote, kisha kesho asubuhi piga simu tena kuhusu ule waya.