Pete Tano na Friji Moja

Captain Planet ana nywele za kijani. Habari hii imenifikia nikiwa mtu mzima, mwenye kitambi, deni la Sacco na mtoto wa gredi ya nne.

Utotoni mwangu, kule Voi, shujaa yule alikuwa wa kijivu. Runinga yetu ilijua rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, na hiyo nyeupe yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Kuna mvulana mmoja mtaani ambaye kwao kulikuwa na runinga ya rangi. Alitwambia kwamba Captain Planet ana mwili wa buluu na kichwa cha kijani, tukamcheka mpaka akaenda kwao analia. Mtu wa buluu! Popote alipo leo, nadhani bado anangoja kuombwa radhi.

Runinga yenyewe ilikula betri ya gari, ingawa gari hatukuwa nalo. Betri ilifungwa nyuma ya baiskeli, ikapelekwa mjini kuchajishwa, ikirudi inapokewa kama mgeni aliyetoka hija. Mzee aliilinda kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa tatu usiku, na kila dakika ya katuni aliihesabu kuwa imeibwa kutoka kwa msomaji habari. Wala hakukosea. Umeme ukianza kupungua, picha ilijikunja kutoka pembeni, ikawa nyembamba, ikawa utepe, ikawa nukta, ikazima. Na haikujikunja wakati wa matangazo, la hasha. Ilisubiri wale vijana watano wainue pete zao juu. Miaka nenda miaka rudi nikajua kwamba Captain Planet anaitwa. Akishaitwa anafanya nini, hiyo ilikuwa siri ya watu wenye stima.

Betri zilizokufa zilirundikwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba, zikivuja asidi taratibu. Nyasi hazikuota pale tena. Sisi tulikuwa ndani, tunatazama katuni ya kuokoa mazingira.

Kwa waliozaliwa juzi: Captain Planet and the Planeteers ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Septemba 1990, ikakoma 1996 baada ya vipindi 113. Waliobuni wazo ni Ted Turner, yule tajiri aliyeanzisha CNN, pamoja na Barbara Pyle. Gaia, roho ya Dunia, anachoshwa na uchafu wa wanadamu, anagawa pete tano kwa vijana watano: Ardhi, Moto, Upepo, Maji na Moyo. Wakishindwa, wanaunganisha nguvu zao, na hapo anachomoka bwana wa buluu.

Sisi tulimtaka Kwame, mwenye pete ya Ardhi, kwa sababu alikuwa wetu. Wetu wa wapi, hapo ndipo palipokuwa na kesi. Utangulizi ulisema anatoka Afrika, basi. Kaka yangu mkubwa alishikilia kwamba ni mtu wa kwetu kabisa, Taita-Taveta, kwa sababu udongo aliosimama juu yake ulikuwa mwekundu. Wekundu huo aliuonaje kwenye runinga ya kijivu, sikuuliza, alikuwa mkubwa. Leo najua kwamba Kwame ni jina la Waakan wa Ghana, la mvulana aliyezaliwa Jumamosi, na kwamba sauti yake ni ya LeVar Burton, yule yule aliyekuwa Kunta Kinte kwenye Roots mwaka 1977. Kwa hiyo Mwafrika wetu alikuwa Mmarekani mwenye jina la Ghana anayeishi bara zima kwa mpigo. Linganisha na Linka, mwenye pete ya Upepo. Yeye alianza akitoka Umoja wa Kisovieti. Dola lile likavunjika mwishoni mwa 1991, watayarishaji wakarekebisha utangulizi, akawa anatoka Ulaya Mashariki. Dola zima limesambaratika na katuni ikafuata! Afrika ikabaki Afrika, haina mpaka wala wilaya.

Pete tulizitengeneza kwa waya. Kwame alikuwa kaka, bila uchaguzi. Mimi kitindamimba niliangukiwa na Moyo, pete ya Ma-Ti, ambayo kazi yake ni kuongea na wanyama na kuwatia watu huruma. Hakuna mtoto aliyewahi kuililia pete hiyo. Siku moja nikatumwa nikazungumze kwa amani na jogoo wa shangazi. Alama ya mazungumzo yale bado ninayo, hapa chini ya jicho.

Basi likizo iliyopita nikanunua bando, nikamkalisha binti yangu kwenye kochi na kumwambia, leo utaona katuni. Nilikuwa na msisimko wa mtu anayemtambulisha mchumba. Captain Planet akatokea. Kwa mara ya kwanza nikamwona mzima, kwa rangi zake zote. Binti akamtazama kwa makini.

"Baba, mbona shati lake limeishia hapa?"

Kweli. Limeishia kifuani. Tumbo zima liko nje, na chini amevaa kichupi chekundu na mabuti. Mtu huyu anaruka juu ya viwanda vya kemikali akiwa amejisitiri nusu ya muogeleaji.

Halafu kuna suala la afya yake. Captain Planet akiguswa na uchafu, analegea. Ukimmwagia tope la kiwandani anaanguka chini akipumua kwa shida, anaomba maji safi. Huyu ndiye tuliyempa kazi ya kupambana na uchafu: daktari anayezimia akiona mgonjwa. Nikajaribu kumfikiria Kongowea sokoni msimu wa mvua ndefu, au amesimama nyuma ya matatu inayopanda mlima. Asingefika hata kwenye nyanya.

Lakini swali lililoniharibia usingizi ni la wabaya. Wako wengi, na walitiwa sauti na watu wakubwa, jambo ambalo utotoni halikutuhusu: Meg Ryan ni Dr. Blight, Jeff Goldblum ni Verminous Skumm, jitu nusu panya, Martin Sheen ni Sly Sludge wa takataka, Sting ni Zarm. Hoggish Greedly ana uso wa nguruwe, msije mkamkosea. Binti akatazama mmoja wao akimwaga sumu baharini huku akicheka, akauliza, "Huyu anapata nini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Utotoni lilikuwa jambo la wazi: ni mbaya, kwa hiyo anamwaga. Sasa nilitazama kwa macho ya mtu anayelipa kodi ya nyumba. Ile mashine inayomeza msitu kwa dakika moja, dizeli yake inalipwa na nani? Wale vibaraka wana NSSF? Ukimtoa Looten Plunder, ambaye angalau anazungumzia pesa, wengi wao wanachafua kwa raha tu, kama watu wenye kipaji.

Na huu ndio uongo ambao siisamehei ile katuni, hata kwa mapenzi yote niliyo nayo. Mwaka 1989, mwaka mmoja kabla Captain Planet hajatokea, Wangari Maathai alikuwa anapigania Uhuru Park isijengwe jumba la ghorofa 60. Waliolitaka jumba lile hawakuwa na pua ya nguruwe. Walikuwa na suti, na walimwona yeye ndiye kichaa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, akapasuliwa kichwa kwenye msitu wa Karura akipanda miti. Hakuna mwenye nywele za kijani aliyechomoka. Watu wabaya wa kweli hawatangazi uchafu wao kwa kicheko, wanautia muhuri. Na wengine wote ni sisi tu, watu wema wenye betri chini ya mwembe.

Maelezo hayo niliyatoa kwa kirefu. Binti alikuwa ameshaondoka, ameenda kutafuta waya.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilikuwa na Planeteer. Taa zikazimwa mtu akiwa bado anakula. Bomba likafungwa nikiwa na sabuni machoni. Mama yake aliona ni malezi mema, kwa sababu yeye huoga mapema. Mwisho wa wiki tukaenda Voi kumsalimia mama yangu, na mtoto hakuacha kazi mlangoni. Aliinua godoro la bibi yake akakuta hazina: mifuko ya plastiki, imekunjwa pembetatu, imepangwa kwa ukubwa, mingine ina majina ya maduka yaliyokufa. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake ni ya mamilioni.

"Bibi, hii ni kinyume cha sheria."

"Weka hapo mjukuu wangu," mama akasema bila kuinua macho kwenye mchele. "Hiyo ni ya kabla ya sheria."

Jumapili jioni tukarudi Mombasa. Harufu ilitupokea langoni. Nilipofungua mlango nikajua Verminous Skumm amehamia kwangu na familia yake yote. Ijumaa, kabla ya kutoka, mtoto alikuwa ameizima friji kwenye soketi ili kuokoa umeme. Ndani ya friza mlikuwa na nguru mzima, zawadi ya shemeji, joto la Mombasa likiwa limemshughulikia kwa siku mbili.

"Si umesema tusipoteze stima?" akaniuliza. Nilikuwa nimesema. Mke wangu akaniangalia mimi.

Gari la taka hupita Jumanne, likijisikia. Nguru hakuwa na subira hiyo, na upepo wa bahari ulikuwa umeanza kumtembeza ploti nzima; nilisikia dirisha moja likifungwa kwa nguvu, kisha la pili. Nikaazima jembe kwa keateka, nikaenda nyuma ya tangi, nikachimba. Mtu aliyesoma hawezi kushindwa kuzika samaki. Pigo la tatu au la nne nikahisi kitu kimenipa, jinsi plastiki inavyokupa, na maji yakaruka mpaka usawa wa masikio yangu. Lilikuwa bomba la ploti nzima, na mita iko kwa jina la mwenye nyumba.

Nikalikandamiza kwa mkono mmoja, wa pili umeshika nguru. Keateka akakimbia kutafuta spana. Binti yangu alisimama ukingoni mwa shimo, pete ya waya kidoleni, akiangalia udongo, akinusa hewa, akiangalia maji yanavyonitiririka shingoni. Nikaona anahesabu kwa vidole.

"Baba," akasema, amejaa matumaini, "bado Moto na Moyo tu."

Mlango wa jirani wa chini ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa na povu la shampuu kichwani, leso kifuani na kandambili moja mguuni, ya pili ameishika mkononi, na Moyo sikuuona popote.