Epo Nne za Mama Mkwe

Mama mkwe akija Sigino, ugali na mlenda havitoshi. Ndivyo alivyojiaminisha mwandishi wa makala haya, akapanda bodaboda hadi mjini Babati kununua epo nne. Zilikuwa nyekundu, zimeng'aa kama viatu vya bwana harusi, kila moja na kibandiko chenye tarakimu nne. Alidhani ni bei, akashtuka. Kumbe ni namba ya kutambulisha aina na ukubwa wa tunda. Kazi nyingine ya kibandiko, kama ilivyodhihirika jioni ile, ni kubandikwa kwenye mapaji ya nyuso za watoto.

Mama mkwe akang'ata. Mlio haukusikika. Akatafuna, akatulia, akatafuna tena kama mtu anayehesabu.

"Baba," akauliza kwa adabu zote, "hizi mmezichemsha?"

Hazikuchemshwa, zimezeeka tu. Epo nyingi za madukani hutoka Afrika Kusini, sehemu kama Ceres na Elgin, ambako msimu wa mavuno huangukia miezi ya mwanzo ya mwaka. Zikivunwa hufungiwa kwenye vyumba vya baridi kali vilivyopunguzwa oksijeni, zikalala humo miezi kadhaa zikidanganywa kwamba siku haziendi. Zikitoka, deni la umri hudaiwa kwa mkupuo. Ile gundi ya asili inayoshikanisha nyama ya tunda hulegea, na mlaji hujikuta anatafuna kitu chenye undugu na kiporo cha kiazi. Epo za Njombe na Lushoto hazina urembo huo, lakini meno huzisikia. Siku hiyo hazikuwepo.

Ya pili ilikatwakatwa kwenye kachumbari, ikanyonya ndimu yote na bado haikuwa na ladha. Ya tatu alitupiwa mbuzi. Mbuzi huyo, ambaye mwezi uliopita alikula nusu ya daftari la hesabu, alinusa, akamtazama mwenye mali, akarudi kwenye mabua yake.

Ya nne ilisahaulika kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya chane la ndizi mbichi. Siku ya tatu ndizi zilikuwa za njano tupu, harufu imejaa jiko zima. Epo inayozeeka hutoa gesi ya ethilini, ambayo imo pia katika moshi wanaoutumia wazee kuvundika ndizi shimoni. Matunda haya mawili yaliwahi kugombanishwa: Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Afrika Kusini, epo zikiwemo, ikilalamika kwamba ndizi zake hazipokelewi huko. Baada ya siku chache zuio likaondolewa. Kwenye ndoo ya Sigino mahasimu hao walikuwa wamelala kitanda kimoja.

Mama mkwe alikula ndizi tatu mfululizo. Asubuhi ya kuondoka aliiokota ile epo iliyosinyaa, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kwake Dareda, alisema, kuna mkungu unaomringia tangu Jumapili.