Muulize Babu Solo: Gitaa la Matobo na Fedha ya Duara

Safu hii hujibu matatizo ya wapiga gitaa, ya majirani zao na ya wake zao. Maswali ya mirathi, mapenzi na leseni za uchimbaji yapelekwe kunakohusika.

*Shikamoo Babu Solo. Mimi ni mchimbaji mdogo huku Makongolosi. Duara langu, yaani shimo la dhahabu, limetema, mzigo nimeuza sokoni kihalali, na sasa nataka lile gitaa la umeme pana, lenye matobo mawili ya herufi f kifuani. Nataka sauti nzito, laini, isiyochoma masikio, kama nyimbo za zamani. Nimeona moja mtandaoni, vyuma vyake vyote ni dhahabu. Nilipie? – Mwenye Duara*

Marahaba, kijana wangu. Hongera, na pole pia, maana ukoo mzima umeshaikumbuka namba yako ya simu.

Mama wa magitaa hayo ni Gibson ES-335, lililotoka kiwandani mwaka 1958. Katikati ya tumbo lake limepita gogo la mbao ngumu ya maple, kutoka shingoni hadi mkiani, na uwazi umeachwa mbavuni tu, kulia na kushoto. Gogo hulifanya gitaa litulie na uzi uimbe kwa muda mrefu. Uwazi huipa sauti pumzi. Hilo la vyuma vya dhahabu huenda ni la ukoo wa ES-355, na hapo mchimbaji kama wewe huhitaji kufundishwa: ni mpako. Jasho la kiganja litaula mpaka nikeli ichungulie. Soko la madini halitaupima, na sauti haitaongezeka hata pointi moja. Chukua la nikeli, chenji iende kwenye amplifaya, maana gitaa zuri kwenye amplifaya mbovu ni samani.

Ukishalipata, tumia pikapu ya shingoni, siyo ya kwenye daraja. Karibu na shingo uzi hutikisika kwa upana, sauti ya chini hujaa, na ule ukali wa darajani hupungua. Kitufe cha toni kirudishe nyuma kidogo. Funga nyuzi nene, kuanzia namba 11 kwenda juu, na ukitaka ulaini hasa tafuta zile zilizozungushiwa waya bapa. Vidole havikwaruzi juu yake na mlio unakuwa mpole tangu siku ya kwanza.

Sasa nikuudhi. Hizo nyimbo za zamani unazozililia, nyingi hazina gitaa laini hata kidogo. Sikiliza solo la Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz, bendi iliyofika hadi Osaka, Japani, kwenye Maonyesho ya Expo 70. Ni solo safi, kali, linakata. Ulaini unaousikia wewe unatokana na magitaa kupokezana: solo linasema, la pili linajibu, ridhimu inashikilia, besi inatembea chini, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Bendi nzima ilikuwa ikikaa studio moja pale Radio Tanzania Dar es Salaam, inapiga kwa pamoja mpaka wimbo unaisha. Kwa hiyo kama unataka kulia kama B.B. King wa blues, nunua la matobo. Kama unataka kucheka kama Mbaraka, nunua magitaa mawili ya kawaida, moja umpe mwenzako wa duarani, mgombane jioni tatu kwa wiki. Jibu la pili ni rahisi mfukoni na gumu rohoni.

Ukibaki na la kwanza, usitume fedha kwa picha. Epiphone, ndugu mdogo wa Gibson, amewahi kutengeneza la namna hiyo liitwalo Dot, na Ibanez wana safu yao ya Artcore; mkono wa mchimbaji mwenye bahati unafika. Akija mtu na “Gibson” ya bei ya kutupa, tazama kifuniko kidogo kilichopo kichwani, pale nyuzi zinapoanzia. Gibson halisi hukifunga kwa skrubu mbili. Ukihesabu tatu, mrudishie mwenyewe kwa adabu.

*Babu, mume wangu amepokea malipo ya tumbaku kutoka AMCOS, chama chetu cha ushirika, akarudi na gitaa. Nimemuuliza bei, anasema ni nafuu kwa sababu nusu yake ni hewa. Ni kweli? – Mama Wawili, Lupatingatinga*

Mama, hewa hiyo ndiyo ghali. Kukata ubao mmoja mzito ni kazi ya msumeno. Kukunja mbavu, kutoboa matobo na kupenyeza nyaya zote kupitia tundu lisiloingia ngumi ni kazi ya fundi mwenye subira. Mwombe risiti. Ila faida moja nimpe: umeme ukikatika, gitaa hilo lina sauti yake ndogo inayotosha chumba kimoja. Mwambie basi akuimbie, ukiwa na risiti mkononi.

*Shikamoo. Napiga solo kwenye kwaya ya kanisa hapa Chunya mjini. Gitaa langu ni la matobo. Mchungaji akifika kwenye toba, nikiwa sipigi kitu, linaanza kuvuma lenyewe. Wazee wanasema lina pepo. – Mwanakwaya*

Halina pepo, lina spika nyuma yake. Sauti ikitoka kwenye spika inaingia tumboni, tumbo linatikisa nyuzi, pikapu inazipeleka tena kwenye spika, na mzunguko huo unakua mpaka waumini wanatubu kabla ya wakati. B.B. King mwenyewe, aliyepiga Kinshasa mwaka 1974 kwenye tamasha la Zaire 74, alikuwa akijaza vitambaa kwenye matobo ya gitaa lake Lucille kuzuia uvumaji huo. Mwaka 1980 Gibson wakamtengenezea la jina hilo lisilo na matobo kabisa.

Wewe anza na kusogea. Usikae mbele ya spika, na zima volyumu ya gitaa usipopiga. Kisha chungulia tobo kwa tochi ya simu. Ukiona gogo, soksi mbili safi zitatosha. Ukiona uwazi hadi upande wa pili, una gitaa tupu kabisa, la aina ya Epiphone Casino. Hilo ni tamu sebuleni na mtihani kwenye mkutano wa injili. Na kama tatizo ni mngurumo wa jenereta, hilo ni jingine. Dawa yake ni pikapu ya koili mbili zinazofutiana kelele, kazi ya Seth Lover wa Gibson mwaka 1955.

*Babu, mimi ni seremala. Mpwa wangu ananing'ang'ania nimtengenezee gitaa hilo. Mninga ninao. Nione aibu kutumia plaiwudi kifuani? – Fundi, Lupatingatinga*

Fundi, ES-335 lenyewe kifua chake ni plaiwudi: tabaka nyembamba zilizogundishwa na kukandamizwa zipate mgongo. Aibu ya nini? Tena mwanzoni mwa miaka ya 1940 mpiga gitaa Les Paul, pale New York, alichukua ubao wa inchi nne kwa nne, akafunga pikapu na nyuzi, likawa gitaa. Watu hawakuliamini mpaka alipobandika mbavu za gitaa la kawaida kila upande ili lifanane na gitaa. Sauti ilikuwa ileile. Mninga wako basi uwe gogo la katikati, ukiwa umekauka barabara. Ubao wa vidole fanya mpingo, ambao ni jamaa wa karibu wa rozwudi zinazotumiwa viwandani.

Kosa kubwa la mafundi ni vipimo vya vyuma vya shingoni. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani, tuseme milimita 628, ugawanye kwa 17.817. Utapata kama milimita 35, hapo ndipo chuma cha kwanza kinakaa. Urefu uliobaki ugawanye tena kwa namba hiyohiyo, na kuendelea. Cha kumi na mbili lazima kiangukie katikati kabisa, la sivyo anza upya. Mninga uwe na kibali cha TFS, wakala wa misitu. Pikapu mpwa wako ajinunulie, maana hizo hazioti Lupatingatinga.