Grosari Isiyo na Nyanya

Kwa Katibu Mkuu,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

YAH: MAOMBI YA KUTAMBULIWA KWA KIINGEREZA CHA ARUSHA

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mheshimiwa, Mkataba uliotiwa saini hapa mjini kwetu tarehe 30 Novemba 1999 ulitamka, katika kifungu cha 137, kwamba lugha rasmi ya Jumuiya ni Kiingereza, na Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano. Haukutaja Kiingereza cha nani. Kwa kuwa ofisi yako iko kwetu, naomba kiwe chetu.

Majuzi pale Kijenge, mtalii aliyetoka kushuka Mlima Meru, mita zote 4,562 zikiwa bado magotini, aliona kibao cha "Grocery" akaingia kutafuta nyanya. Dada wa kaunta akamuuliza, "Ya baridi au ya moto?" Mgeni akazidi kutaka nyanya. Dada wa watu akamtajia zilizopo: Kilimanjaro, Safari, Serengeti. Yule bwana akashika magoti, akasema milima na mbuga vimetosha. Mkosaji hakuwepo. Grosari ya Arusha ni ya bia. Nyanya ziko sokoni.

Akaelekezwa kwenye "Hotel". Akaomba kitanda, akaletewa chipsi mayai. Kitanda kiko gesti. Jirani yake duka la madaftari limejiandika "Stationary", yaani limetulia tuli. Na kweli, tangu liandikwe hivyo halijahama.

Tena tunakidai Kiingereza. Mtalii akiteleza kule Meru, kwenye njia ya kibanda cha Miriakamba, mpagazi humwambia "sorry". Mtalii hushangaa: kwani wewe ndiye uliyenisukuma? Hajui kwamba lugha yake haina pole, ikabidi tuikopeshe. Riba hatujadai.

Lakini nikiri jambo, Mheshimiwa. Hiki ninachokiombea hadhi ni Kiswahili kilichovaa koti la mtumba. Mama wa Tengeru akifika Namanga na vitunguu vyake, koti hilo hulivua: anapatana bei na Mkenya kwa Kiswahili, bila mkalimani, bila kikao, bila posho. Jumuiya inayotafutwa kwenye makabrasha imeshafunga mzigo na kurudisha chenji.

Basi ombi langu la kwanza likiwa zito, lipokee hili jepesi: lolote mtakaloliamua kuhusu yule mama, mwandikieni kwa lugha anayouzia vitunguu.

Wako katika ujenzi wa Jumuiya,
Mkazi wa Kijenge.