Waifai Haionekani, Msitu Walaumiwa

Simu isiyoona waifai hata moja hukaguliwa kwanza hali ya ndege, ambayo mwenyewe huapa hajaigusa. Pili ni stima: ruta iliyozimika haitangazi chochote, na mvua ya alasiri Kakamega haimwombi mtu ruhusa ya kukata stima. Kisha masafa. Simu ya zamani inayosikia gigahezi 2.4 pekee haitaiona ruta inayorusha gigahezi 5 tu, hata ikilazwa juu yake; kuulaumu Msitu wa Kakamega ni kuisingizia miti. Kuweka upya mipangilio ya mtandao husaidia, ila hufuta nywila zote za waifai, pamoja na ya jirani asiyejua kuwa ni mfadhili. Tatizo likibaki, hubaki fundi, ambaye hukuta waya wa antena ulichomoka siku fundi mwingine alipobadilisha kioo.