Sifa za Mlinzi Asiye na Mshahara

Wageni wakitoka Tarangire huwashukuru dereva, mpishi na askari wa wanyamapori. Ndorobo, yaani mbung'o, hashukuriwi na mtu. Huko ni kukosa fadhila, maana kabla mhifadhi wa kwanza hajavaa sare, ndorobo alikwisha kuwakataza wafugaji kuingiza ng'ombe porini. Nyati hubeba vimelea vyake bila kuugua. Ng'ombe akivipata hukonda kwa nagana mpaka afe. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya watu wa Liwale kwa sababu ya malale, ugonjwa anaowaambukiza binadamu, na sehemu ya ardhi yao ikaishia ndani ya Pori la Akiba la Selous. Leo mtalii hupiga picha na kulisifia pori lisilowahi kuguswa na binadamu. Sifa hizo apewe ndorobo, na serikali iliyomtumia.

Tabia zake nazo ni za kuigwa. Mbu wa malaria hunyemelea usiku kama mwizi. Yeye hufanya kazi mchana kweupe, dume na jike sawasawa. Uzazi wa mpango aliuanza zamani: jike hulea buu mmoja tu tumboni, humnyonyesha humo humo, kisha humzaa akiwa tayari kujichimbia ardhini.

Ana jicho la mitindo. Bluu na nyeusi humvuta, ndiyo maana wataalamu hutundika vitambaa vya rangi hizo vilivyotiwa sumu ili wamnase. Mgeni aliyepanda gari na jinzi yake ya bluu ni mtego uleule, ila umesahauliwa sumu. Kaki, mikono mirefu na kitambaa kizito ndiyo mavazi anayoyaheshimu, chepesi hukitoboa. Dawa ya kujipaka inayomkimbiza mbu yeye haimtishi sana. Gari linalotembea hulifuata akidhani ni mnyama, basi fungeni vioo. Madereva wengine hufukiza kinyesi kikavu cha tembo kwenye kopo nyuma ya gari, na aliyelipa dola kuja kuvuta hewa safi huivuta hiyo.

Hata kushindwa kwake kuna heshima. Kumtoa Unguja kulihitaji madume yaliyohasiwa kwa mionzi, yakamwagwa kutoka kwenye ndege, na kisiwa kikatangazwa huru mwaka 1997. Ni wadudu wangapi wenye ukubwa wa punje ya maharage waliopigwa vita kwa sayansi ya nyuklia?

Wengi anaowauma huambulia uvimbe na muwasho tu. Lakini malale hayana chanjo, na yale ya Afrika Mashariki huenda mbio. Ukipata homa siku chache au wiki kadhaa baada ya kutoka mbugani, hasa kama palipoumwa pamefanya kidonda, usitulie kwa sababu kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mwambie daktari ulikuwa pori gani, na umtajie ndorobo kwa jina.