Ombi la Kushushwa Cheo Kutoka Kundi la Nne

Kwa Waheshimiwa Wafadhili wa Dunia,
Nakala kwa serikali za Afrika, popote zilipo kikaoni.

Waheshimiwa,

Natumai barua hii itawakuta salama, mkiwa mmekula. Sisi huku Kakuma hatujambo, hasa tangu tulipopata habari njema kwamba baadhi yetu tunajiweza.

Nafahamu mna kambi nyingi za kukumbuka, kwa hiyo niwakumbushe hii. Kakuma iko kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea nchi hadi nchi wakikimbia vita. Leo, ukijumlisha na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, tuko watu wapatao 300,000: Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia, na wengine ambao vita vyao havijapata nafasi kwenye taarifa ya habari. Mwezi Agosti 2025 tulianza kupewa chakula kwa makundi manne. Kundi la Kwanza ni la walio hoi kabisa. Kundi la Nne ni la wanaojitegemea, na hao hawapewi kitu.

Mimi ni Kundi la Nne. Nilipoambiwa, niligeuka nyuma kutazama ni nani anayesemeshwa.

Ninaandika kuomba kushushwa cheo. Najua maombi ya namna hii ni nadra. Watu wengi duniani huomba kupandishwa, na sina shaka wakubwa wangeshangaa kumwona mtu anakimbia utajiri. Lakini nimejaribu kuishi kama tajiri na nimeshindwa. Sina uzoefu.

Chanzo cha utajiri wangu ni duka. Kijana aliyekuja na tableti kutupanga kwenye makundi aliuliza kama nina duka, nikamwambia ninalo. Hakuuliza kama linauza. Basi niruhusuni nitangaze mali yangu hadharani, jambo ambalo viongozi wengi wa bara hili bado wanalitafutia muda. Nina mabati, rafu tatu za mbao, mizani, na chupa ya mafuta ya kupikia ambayo siku hizi nauza kwa kijiko. Nina chumvi, majani ya chai, sabuni ya mche ninayoikata vipande. Halafu nina daftari la madeni. Hilo ndilo bidhaa pekee dukani ambayo haipungui. Ndani yake kuna majina ya mtaa mzima, na kwenye droo chini yake kuna kadi za kupokelea msaada ambazo wateja wameniachia kama rehani. Mteja anakuja, anasema, "Baba, niandikie kilo moja, mwezi ukiisha nitalipa." Namwandikia. Mwezi unaisha, naye anakuja kuomba nimwandikie nyingine. Nimwambie nini? Watoto wake wananiita babu.

Waheshimiwa, duka hili nyinyi wenyewe mlilisifu. Mwaka 2015 mlituletea Bamba Chakula: badala ya kupimiwa kila kitu kwenye foleni, familia ikawa inatumiwa sehemu ya thamani ya mgao kwa simu, inanunua dukani inachotaka. Lilikuwa jambo la maana na sisemi hivyo kwa kejeli. Mama aliyechoka na mtama aliweza kununua unga, maziwa, hata mchicha. Tukajenga maduka. Mwaka 2018 IFC, lile shirika la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, likatoa utafiti uliosema soko letu lina thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka na biashara zaidi ya 2,000. Wageni wakaja kupiga picha. Nikasikia nikiitwa mjasiriamali, nikanyoosha kola.

Sasa fuatilieni hesabu hii, maana ni yenu. Hadi katikati ya mwaka 2025 karibu dola milioni 4 zilikuwa zinaingia kila mwezi mikononi mwa wakimbizi wa Kakuma. Fedha hizo ndizo zilizonunua gunia langu, zikamlipa Mturkana aliyeleta mbuzi, zikamlipa mwenye lori aliyetoka mji wa Kitale. Kisha zikakatwa. Wateja wangu wakabaki bila senti, na mimi nikabaki na duka. Na kwa kuwa nina duka, ninajitegemea. Ningetamani kukutana na aliyetunga mantiki hii. Ningemkopesha sabuni.

Wenzangu ambao bado wanapewa chakula msidhani wanapokea karamu. Katikati ya mwaka 2025 mgao ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachopendekezwa. Mtu mmoja alipata kilo 3 za mchele kwa mwezi, badala ya kilo 9 zinazopendekezwa. Gawanyeni kwa siku 30: gramu 100. Hiyo ni kama nusu kikombe cha chai cha mchele mkavu, mlo wote wa siku, asubuhi, mchana na usiku. Kulikuwa na kamande kidogo na mafuta nusu lita. Na kabla hata ya kupikwa, sehemu ya ule mchele inabidi iuzwe, kwa sababu mgao hauji na kuni wala sabuni. Mwezi uliopita mteja wangu mmoja alinipimia vikombe viwili vya mchele wake ili nimpe mafuta na kiberiti. Alipomaliza kupima alifuta kikombe kwa kidole, punje mbili zilizobaki akazirudisha mfukoni mwake. Huyo si wa Kundi la Nne. Huyo bado maskini anayesaidiwa.

Nawaomba wasomaji wasiwatupie mawe wahudumu wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mpakuzi halaumiwi kwa udogo wa chungu. Karibu asilimia 70 ya fedha zao za Kenya zilikuwa zinatoka nchi moja, Marekani, na nchi hiyo tarehe 20 Januari 2025 ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ifanyiwe mapitio. Mapitio yakapita na misaada: ilipofika Julai 1, USAID, shirika lake la misaada, lilikuwa limefungwa. Nasi twajua siku 90 bila mshahara zina maana gani kwa mtu mzima. Kwa mtoto wa miezi minane aliyekwisha kuanza kuvimba miguu, zina maana nyingine.

Wala Marekani haikutembea peke yake. Uingereza mwezi Februari mwaka huohuo ilitangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, ili ipate fedha za ulinzi. Ahadi ya asilimia 0.7 iliwekwa Umoja wa Mataifa mwaka 1970. Nchi chache za Ulaya zimewahi kuitimiza. Nyingine bado zinaitafakari, na ni vizuri kutofanya mambo kwa pupa.

Mwezi Juni 2025 ofisi ya misaada ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa ilikubali yaishe. Ombi lake la dunia nzima la dola bilioni 44 lilikuwa limepata chini ya bilioni 6. Ikaandika ombi jipya, la dola bilioni 29, kwa watu milioni 114 ambao hali zao ni mbaya kuliko wenye hali mbaya. Mwaka uliotangulia, kwa hesabu za taasisi ya utafiti wa amani ya SIPRI, dunia ilitumia dola trilioni 2.7 kwa majeshi na silaha. Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la madeni: kwa kila dola ya bunduki, tulikuwa tunaomba senti moja. Senti hiyo ndiyo mliyosema haipatikani. Na wengi wetu tuliokuja Kakuma tulifukuzwa na bidhaa zinazonunuliwa kwa ile dola.

Mtaniambia: ikiwa mgao hautoshi, fanyeni kazi. Nakubali kwa mikono miwili. Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, ni sheria nzuri, na Machi 2025 rais alizindua Mpango wa Shirika unaokusudia kambi ziwe miji ya kawaida ya wakimbizi na wenyeji. Nimeusoma. Lakini nikitaka kwenda Nairobi kununua bidhaa kwa bei ya jumla, nahitaji kibali cha kusafiri. Kibali cha kazi nacho kinapatikana kwa shida. Kijana wetu aliyesoma uuguzi akifanya kazi na mashirika ya kambini anaitwa mfanyakazi wa insentivu: anadunga sindano ileile na kukesha zamu ileile na mwenzake mwenye kitambulisho cha Kenya, halafu analipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake. Mmenitangaza kuwa najitegemea mkiwa mmenishika miguu.

Sisemi haya dhidi ya Waturkana. Wao walitupokea kabla hamjatusikia. Misimu mitano ya mvua ilikataa kati ya 2020 na 2022, mifugo ikafa, na wengi wao wakabaki kutuuzia kuni na makaa. Mama wa Kiturkana hubeba mzigo wa kuni kichwani kutoka mbali akija kutafuta mnunuzi kambini. Siku hizi anauweka chini mbele ya duka langu, anasubiri hadi jua linazama, anaubeba tena. Kukata mgao wa mkimbizi ni kumkata na yeye, naye hayumo hata kwenye Kundi la Nne.

Sasa zile nakala zangu. Waheshimiwa wa Afrika, mwaka 2016 mlikubaliana Umoja wa Afrika uwe na wakala wake wa misaada ya kibinadamu, ili siku moja Mwafrika mwenye njaa asisubiri kura ya bunge la Washington. Tunausubiri kwa heshima. Wakati huohuo misafara yenu haijawahi kukatwa hadi theluthi moja. Na vita vinavyotujaza hapa havikupiganwa na wafadhili. Vilianzishwa na watu wenye vyeo kwenye orodha yenu ya itifaki. Mkitaka kupunguza idadi ya wanaolishwa Kakuma, njia ya mkato ipo Juba, Khartoum, Goma na Kinshasa.

Mwaka uleule wa 2016, mkutanoni huko Istanbul, nanyi wafadhili mliahidi kwamba robo ya fedha za misaada ingefika kwa mashirika ya wenyeji kadiri inavyowezekana bila kuzungushwa, ifikapo 2020. Mwaka 2020 ulikuja, robo haikuja. Hapa mtaani, mama wanaochanga kikombe kimoja kimoja cha unga kwa ajili ya mgonjwa wa jirani hawajawahi kuandika ripoti, hawana nembo, wala hawajui neno "mradi". Ndio wanaotufikisha mwisho wa mwezi.

Ombi langu basi, kwa unyenyekevu wa tajiri. Nishusheni cheo. Kama kushushwa hakuwezekani, nipeni basi haki za watu wa cheo changu: kibali cha kazi, ruhusa ya kusafiri, akaunti ya benki isiyotiliwa shaka. Rudisheni fedha za Bamba Chakula kwa wateja wangu, nami nitaendelea kujitegemea bila kuwasumbua. Na wakati mnajadili, fikisheni mgao kilo 9, kwa sababu wasiokuwa na duka hawawezi kungoja mwaka wenu mpya wa fedha.

Kwa kuwa barua za Kakuma huchelewa kwenye meza za wakubwa, nawageukia wenzetu waliotoka hapa. Mko Minnesota, mko Sydney, mko London. Awer Mabil aliyezaliwa kambini humu amechezea timu ya taifa ya Australia, na Halima Aden, naye mzaliwa wa hapa, amepamba majarida ya mitindo. Wengi wenu sasa mna pasipoti na mna kura. Mlisimama kwenye foleni hii. Mwandikieni mbunge wenu wiki hii, mumuulize alisema nini misaada ilipokatwa, na mumwambie wanaoishi kwa kilo 3 mnawajua kwa majina.

Wenu,

Mwenye duka, Kundi la Nne,
Kakuma.